Sura ya Saba: Marehemu Alikuwa Mkulima

Kwenye mazishi ya Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kuna karatasi ambayo haikosekani. Huandikwa usiku wa kuamkia maziko, mara nyingi na mjukuu au mpwa mwenye mwandiko mzuri, wakubwa wakimkumbusha tarehe, na kesho yake husomwa kwa kipaza sauti mbele ya jeneza. Mpangilio wake sote tunaujua. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, mtoto wa nne kati ya tisa. Alibatizwa, akapata kipaimara. Alisoma hadi darasa la nne. Alifunga ndoa, Mungu akawajalia watoto. Kisha tunafika kwenye ugonjwa: ulivyoanza, alivyolazwa Nyakahanga au Isingiro, alivyohamishiwa Bugando, alivyorudishwa nyumbani. Ameacha mjane, watoto, wajukuu na vitukuu.

Kati ya ndoa na ugonjwa huwa kuna sentensi moja: marehemu alikuwa mkulima. Miaka 50 au 60 ya kazi inapita kwa pumzi moja. Lakini kama mtu huyo huyo aliwahi kuwa karani wa chama cha ushirika kwa miaka 6, basi miaka hiyo 6 itapewa aya yake, na kila kituo alichohamishiwa kitatajwa.

Sura hii nimeiandika kwa sababu ya sentensi hiyo. Nashikilia kwamba mkulima wa kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, ana historia ya maisha iliyo kamili kuliko ya watu wengi wenye vyeo, na kwamba ushahidi wake upo shambani, umesimama, unaonekana na yeyote anayejua kutazama. Simsemei mtu mmoja. Namkumbuka mzee ambaye kila aliyekulia Nkwenda, Mabira, Kituntu au Nyaishozi anamfahamu: aliyezaliwa kwenye miaka ya 1930 au 1940, akaoa, akafungua kibanja, akalea, akasomesha, akazeeka, akazikwa penye migomba yake. Wazee wa kizazi hicho wanaondoka sasa, mmoja baada ya mwingine, na kila anapoondoka mmoja tunasoma sentensi ile ile.

Tuanze na ardhi yenyewe. Kijana wa leo anayepita Omurushaka au Kaisho na kuona migomba pande zote anaweza kudhani imekuwapo tangu dunia iumbwe. Sivyo. Karagwe ya Mukama (mfalme) Rumanyika, aliyewapokea wapelelezi Waingereza Speke na Grant pale Bweranyange mwaka 1861, ilikuwa kwanza nchi ya ng'ombe. Migomba ilikuwapo, lakini utajiri na heshima vilihesabiwa kwa mifugo. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi mno, na sehemu kubwa ya milima ikabaki nyasi. Katikati ya karne ya 20 vibanja vya upande wa Ziwa Viktoria, huko Kiziba, Kianja na Ihangiro, vilikuwa vimegawanywa baba kwa mwana hadi vikawa vidogo, na watu wakaanza kusogea Karagwe kutafuta nafasi. Wanyambo wenyeji nao walikuwa wakipanua mashamba yao. Kwa hiyo mzee wetu, awe mwenyeji au mhamiaji, alianza maisha ya ndoa kwa kukabidhiwa rweya.

Rweya ni mbuga ya nyasi, na udongo wake ni maskini. Ukipanda mgomba pale bila maandalizi utapata kitu chembamba chenye majani ya manjano na mkungu unaobebwa kwa mkono mmoja. Ule udongo mweusi, laini, unaonuka vizuri baada ya mvua, ambao tunauona kwenye vibanja vya zamani, umetengenezwa na watu. Samadi ilibebwa kichwani kutoka zizini. Nyasi zilikatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba, tabaka juu ya tabaka, kila mwaka. Majivu ya jikoni, maganda ya ndizi, mabua ya mahindi na maharage, vyote vilirudi shambani. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi kabla ya kibanja kuitwa kibanja, na hakuna siku ambayo mtu angeweza kusema sasa nimemaliza. Mtaalamu wa udongo akichimba shimo ndani ya kibanja na jingine rweya, hatua chache tu kutoka pale, ataona tofauti kwa macho kabla hata ya kupeleka sampuli maabara. Tofauti hiyo ndiyo kazi ya maisha ya marehemu. Ipimwe kwa sentimita, itapimika.

Miche ya kwanza hakuinunua. Aliomba machipukizi kwa shemeji, kwa jirani, kwa baba mkubwa, kila mmoja akampa la aina aliyoiamini: nshakala, enchoncho, nyoya, na nyinginezo za kupika, za kuiva na za kukamulia lubisi, pombe ya ndizi. Mzee wa kweli wa kibanja aliweza kusimama mbele ya shina na kukueleza limetoka kwa nani. Hii ya mama yako, ilitoka kwao. Hii nilipewa na marehemu fulani mwaka tuliokuwa tunajenga. Kwa maneno mengine, shamba lilikuwa na orodha ya undugu na ujirani wa familia nzima, na orodha hiyo haikuandikwa mahali popote isipokuwa kichwani mwake.

Sasa tufike kwenye kazi ya kila siku, ambayo ndiyo ninayotamani isomwe mazishini.

Asubuhi, umande haujakauka, mzee anaingia shambani na panga. Hana haraka. Anakwenda shina kwa shina. Kwenye kila shina kanuni ni kuacha migomba mitatu: mama, mtoto na mjukuu. Mama ndiye anayebeba mkungu sasa. Mtoto ni yule atakayebeba baada yake. Mjukuu ni chipukizi linaloanza kutoka. Mengine yote yanaondolewa, maana yakiachwa yanagombania chakula na mwisho hakuna anayezaa vizuri. Inaonekana rahisi hadi ukabidhiwe panga. Kuchagua mtoto yupi abaki ni kuamua shina litaelekea wapi, kwa sababu mgomba hutembea: kila mtoto husimama hatua ndogo kutoka kwa mama, na baada ya miaka 20 shina lililopandwa hapa linakuwa limesogea kule. Ukichagua ovyo, mashina yanakaribiana, yanasongana, yanabanwa na njia au kuuzunguka mti wa kahawa. Mzee alikuwa anaangalia uelekeo wa miaka mingi mbele, kisha ndipo anakata. Mjukuu akinyanyua panga kwa pupa, angemzuia: "Subiri kwanza, uone inakokwenda."

Pamoja na hayo kuna kukata majani makavu, kuweka nguzo kwenye mgomba uliolemewa na mkungu, kufukua visiki vilivyooza ili fukusi wasizaliane, kukagua kahawa, kupalilia maharage yaliyo chini, kuangalia magimbi kwenye unyevu, na ile misizi na misambya aliyoipanda mpakani akijua kwamba mbao zake zitaezeka nyumba ya mtoto ambaye bado hajazaliwa. Kibanja kina mimea ya umri tofauti mahali pamoja. Maharage ya miezi mitatu, mgomba wa mwaka na zaidi, kahawa ya miaka 40, mti wa mbao wa miaka 30. Mkulima wake analazimika kuishi na kalenda hizo zote kwa mpigo.

Halafu ukaja unyanjano.

Ugonjwa wa mnyauko unyanjano wa migomba ulithibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006. Ni bakteria. Majani yanageuka manjano na kulegea kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukizipasua, ndani zina rangi ya kutu. Ukikata shina, baada ya dakika chache unaona ute wa manjano ukichuruzika kwenye mkato. Hakuna dawa. Wadudu wanaotembelea ua dume huuhamisha kutoka mgomba hadi mgomba, na mkulima mwenyewe huuhamisha kwa panga lake. Fikirini maana yake kwa mzee huyu. Chombo alichokitumia maisha yake yote kulea shamba, kile alichokibeba kila asubuhi, kimekuwa ndicho kinachoambukiza.

Maafisa ugani walikuja na maelekezo, vijiji vikaweka sheria ndogo. Ng'oa shina lililougua, lizike. Pitisha panga kwenye moto au uliloweke kwenye Jik kabla ya kuhamia shina jingine. Ondoa ua dume mapema, mara tu chane la mwisho linapotokeza, na usitumie panga, tumia kijiti kirefu chenye panda: unalishika ua kwenye panda, unazungusha, linakatika lenyewe. Baadaye wataalamu wakaona kwamba kukata ule mgomba mmoja tu ulioonyesha dalili, bila kung'oa shina zima, kunaweza kutosha ikiwa mkulima anakagua bila kuchoka. Lakini katika miaka ya mwanzo amri ilikuwa kung'oa, na watu waling'oa. Kulikuwa na wazee wenye zaidi ya miaka 70 waliochimba kwa jembe mashina waliyopewa na wakwe zao, wakayazika shimoni, wakasubiri miezi hadi ardhi isafike, wakapanda upya. Mtu wa umri huo anajua kwamba huenda asile matunda ya anachopanda. Alipanda. Sijaona kitabu cha uongozi kinachotaja uamuzi wa namna hii, wala sijasikia ukisomwa kwenye wasifu wowote.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kahawa ya robusta nayo ilipatwa na mnyauko wake, wa kuvu, unaokausha mti mzima ukiwa na matunda yake. Wakati huo huo fukusi na minyoo walikuwa wameshazidhoofisha aina za zamani za migomba, na mradi wa maendeleo ya jamii wa Kagera, KCDP, ukasambaza migomba ya FHIA iliyozalishwa Honduras. Mikungu yake ilikuwa mikubwa ajabu na ilistahimili magonjwa. Wazee waliipanda, wakaisifu kwa uzito, na wakaendelea kutenga kona ya nshakala kwa ajili ya chakula cha nyumbani, kwa sababu ladha ni ladha. Naiona hekima katika kona ile. Walipokea kipya bila kukabidhi kila kitu.

Kahawa inataka aya zake, kwa kuwa ndiyo iliyosomesha.

Kagera ndiyo mzalishaji mkuu wa robusta nchini. Huku kwetu kahawa ilitafunwa na kupewa wageni kabla haijawa zao la soko. Punje zilichemshwa, zikakaushwa, zikafungwa kwenye magamba ya mgomba. Biashara ilipokuja, wakulima wa Bukoba na Karagwe waliingia kwenye ushirika. BCU, chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, kilianzishwa mwaka 1950, na meneja wake mkuu katika miaka hiyo ya 1950 alikuwa Clement George Kahama, ambaye mwaka 1961 aliingia katika baraza la kwanza la mawaziri la Tanganyika huru na miongo kadhaa baadaye akawa mbunge wa Karagwe. Alipofariki mwaka 2017 magazeti yaliandika, viongozi walihudhuria, na ilistahili. Ila nguvu ya BCU ilikuwa magunia, na kila gunia lilikuwa na mtu aliyelichuma, akalianika, akalibeba. Hao nao wamekufa, na magazeti hayakujua.

Kinachonishangaza ni jinsi karatasi zao zilivyohifadhi historia ya uchumi wa nchi bila wao kukusudia. Kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda, mzee aliweka stakabadhi zake zote za kahawa. Za kwanza ni za BCU. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na stakabadhi zinazofuata ni za Mamlaka ya Kahawa. Ushirika uliporudishwa katika miaka ya 1980, zikaja za KCU, chama kikuu cha ushirika cha Kagera. Mwaka 1990 Karagwe wakaanzisha chao, KDCU, na jina la kwenye karatasi likabadilika tena. Katikati ya miaka ya 1990 wakaruhusiwa wanunuzi binafsi, wenye vijidaftari vyao visivyo na muhuri. Kuanzia 2018 mauzo yakarudi kwenye vyama vya msingi peke yake. Majina yote hayo yalimpitia mkulima mmoja, mwenye miti ile ile, kwenye ardhi ile ile. Sera zilibadilika juu ya kichwa chake na yeye akaendelea kuanika.

Kuanika nako kuna ufundi. Kahawa mbivu, nyekundu, hutandazwa juani kwenye mkeka au turubai na kugeuzwa mara kwa mara kwa wiki kadhaa. Wingu likijikusanya, nyumba nzima hutimka: mama, watoto, hata mgeni aliyekuja kusalimia, kila mtu anashika pembe. Mzee alichota kiasi kwenye kiganja, akakitikisa karibu na sikio. Kahawa iliyokauka hulia ndani ya ganda lake. Isiyolia inarudi juani, hata kama mnunuzi amesimama na mizani na ada ya shule inadaiwa Jumatatu.

Hapo ndipo butura ilipowanasa wengi. Butura ni kuuza kahawa ikiwa bado maua au punje mbichi mtini, kwa mtu mwenye fedha taslimu, kwa bei ambayo mvunaji ataijutia miezi michache baadaye. Serikali imeipiga marufuku kwa miaka mingi na viongozi wakuu wameikemea hadharani, na imeendelea, maana mtoto hafukuzwi shule kwa kalenda ya kahawa. Anafukuzwa Januari, na kahawa inaiva kuanzia Mei. Kwa upande wa Kyerwa, Mto Kagera uko karibu na ng'ambo yake ni Uganda. Bei ya kule ikipanda, magendo hupanda nayo. Sitawahukumu waliouza maua ya kahawa kumlipia mtoto ada. Ninachosema ni kwamba mzee aliyeweza kukaa nje ya butura miaka yote hiyo alifanya hivyo kwa kujinyima kunakoonekana: shati moja la Jumapili, baiskeli isiyobadilishwa, nyumba ya bati iliyoezekwa chumba kimoja kimoja. Kule Mwanza na Dar es Salaam kuna wahasibu, wauguzi na wahandisi ambao kila muhula wao ulikuwa na idadi ya magunia. Na walipokwishaajiriwa, mzee hakuacha kuwatumia. Basi la Dar es Salaam liliondoka na mkungu wenye jina la mtoto lililoandikwa kwa kalamu kwenye shina lake, na kiroba cha maharage.

Kulea nako kulikuwa na majaribu yake ambayo wasifu huyaficha kwa staha. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Miaka iliyofuata ilizika watu wa umri wa kuzaa na kufanya kazi, na nyumba nyingi zikabaki na babu, bibi na wajukuu. Mzee aliyefikiri kwamba amemaliza kulea alianza upya akiwa na miaka 60. Alipanua shamba la maharage badala ya kulipunguza. Alikwenda shuleni kusaini fomu kama mlezi. Watoto waliokuzwa hivyo sasa ni watu wazima, na wengi wao ndio wanaoandika ile karatasi usiku wa kuamkia maziko. Hawajui waanzie wapi, ndiyo maana wanaandika "alikuwa mkulima."

Lazima niseme jambo jingine kabla sijaendelea. Nimekuwa nikisema "mzee, mzee," na kila mtu wa Karagwe anajua nani alikata zile nyasi za matandazo, nani alipanda na kupalilia maharage, nani alilima njugumawe kule rweya kwenye udongo maskini ambao wanaume hawakuutaka, nani alikimbia wa kwanza mvua ilipotishia kahawa. Kibanja kina watengenezaji wawili. Mila iliandika jina la mmoja. Mwanamume aliyekuwa mwema nyumbani alilijua hilo, na njia aliyoionyeshea ilikuwa kumshirikisha mkewe fedha ya kahawa, kuhesabu noti mezani mbele yake badala ya kwenda nayo kilabuni kwanza. Ni kipimo kidogo, lakini wake wa kizazi hicho hukitaja haraka ukiwauliza kuhusu marehemu waume zao.

Kipimo kikubwa kinakuja baada ya kifo, nacho ni mirathi.

Kwa mila za Kagera mrithi mkuu, musika, ni mtoto wa kiume, na ardhi ya ukoo ilitakiwa ibaki kwenye ukoo. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 liliandika kwamba wanawake wanaweza kurithi lakini ardhi ya ukoo wataitumia tu, hawataiuza. Ndipo ikatokea kesi ambayo wanafunzi wa sheria wameisoma hadi nje ya Afrika. Holaria binti Pastory, wa wilaya ya Muleba, alikuwa amerithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alipozeeka, bila wa kumtunza, aliiuza mwezi Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mwanaukoo, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akidai kwamba mwanamke hana mamlaka hayo, na akashinda. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikalipindua. Rufaa ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba kanuni hiyo inapingana na haki za binadamu zilizomo kwenye Katiba, na kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza. Mwanaukoo alipewa miezi 6 kuikomboa ardhi kwa kurudisha zile 300,000, la sivyo inabaki ya mnunuzi.

Wote wanamzungumzia Holaria na jaji, na wanastahili. Mimi humfikiria Pastory. Tunachojua juu yake ni kwamba alikuwa baba mwenye ardhi ya ukoo huko Kagera, na kwamba alimwandikia binti yake. Kila mtu aliyemzunguka angemwambia asifanye hivyo. Wosia ule ndio uliompa Holaria mahali pa kusimama mbele ya mahakama tatu. Ukinitaka nimtaje mkulima na baba mmoja wa Kagera ambaye uamuzi wake umefika mbali kuliko jina lake, nitamtaja huyo.

Tangu hapo sheria imesogea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke umiliki. Hata hivyo, kwenye vikao vya ukoo vya siku ya kuanua tanga bado kuna binti anayeambiwa asubiri nje. Kyerwa na Karagwe zilikuwa wilaya moja hadi 2012, na katika sensa ya mwaka huo zilikuwa na watu zaidi ya 650,000 kwa pamoja. Vibanja havikuongezeka kwa kasi hiyo. Ardhi ikigombewa, anayesukumwa kwanza ni asiye na karatasi.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwako mtoto au mjukuu mwenye mzee aliye hai. Nenda naye shambani asubuhi, na daftari. Muulize shina kwa shina: hii ilitoka kwa nani, hii ulipanda mwaka gani, hapa palikuwa na nini kabla ya unyanjano, miti hii ya mpakani ni ya nani. Muulize bibi pia, akiwa peke yake, maana anakumbuka mengine. Fungua sanduku la bati, piga picha zile stakabadhi kwa simu kabla mchwa hawajazifikia.

La pili ni kwako wewe mwenye kibanja. Andika wosia mwaka huu, ukiwa na nguvu zako, na wataje mkeo na binti zako kwa majina na mipaka. Kwa sheria za mila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili. Asiyejua, wasiopungua wanne. Ndugu wa ukoo na majirani wapo, na karatasi haina gharama.